Mapatano ya Jumapili ya Uchaguzi

Iride Stacchini hakuolewa, na watu wa kijiji cha Faetano walizoea kusema kwamba aliolewa na kanisa na mama yake kwa pamoja. Alifua vitambaa vya altare, alishona, alifuga sungura nyuma ya nyumba, na tangu wanawake wa San Marino, nchi yao ndogo ya mlimani katikati ya Italia, waliporuhusiwa kupiga kura hakukosa hata uchaguzi mmoja. Alikipigia kura chama cha kanisa. Haikumjia akilini kwamba mtu aliyebatizwa angeweza kufanya vingine, ingawa mtu wa namna hiyo alizaliwa naye tumbo moja.

Huyo alikuwa Nevio, kaka yake. Aliondoka akiwa kijana kwenda Ufaransa, kwenye kiwanda cha saruji karibu na Grenoble, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kazi ila mawe na mizabibu ya watu wengine. Huko akawa mwekundu, yaani mkomunisti, au pengine alikwenda tayari mwekundu. Hakuja Krismasi, hakuja Pasaka. Alikuja kwenye uchaguzi. Vyama vilikuwa vikiwatafuta watu wao popote walipo, na wafanyakazi wenzake walichangishana wakawakatia tiketi wote wenye haki ya kupiga kura nyumbani. Wakajazana kwenye treni hadi Rimini, kisha kwenye mabasi, wakapanda mlimani wakiimba.

Ndiyo maana Iride alipenda uchaguzi kuliko sikukuu nyingine yoyote, jambo ambalo hakumwambia mtu. Wiki nzima kabla ya kura alikanda tambi za mayai, akachinja sungura na kumpika kwa shamari, akatandika kitanda cha dirishani. Nevio aliingia na sanduku lake, akavua kofia mbele ya mama, kisha akamgeukia.

"Mtawa bado hajafungiwa utawani?"

"Mpagani bado hajaungua?"

"Wanakusubiri wewe utangulie na kuni."

Mama yao alicheka mpaka akashika mbavu. Siku ya kura waliteremka pamoja, Nevio akiwa na skafu nyekundu, Iride na shali yake ya kwendea misani, wakaingia mmoja baada ya mwingine kwenye kibanda, wakatoka. Njia nzima ya kurudi walitaniana.

"Kura yangu imeiua yako," alisema Nevio.

"Mimi ndiye niliyeiua yako. Nilitangulia kuingia."

"Basi tungebaki nyumbani tukamaliza sungura, serikali ingekuwa ileile."

Ilikuwa mzaha. Lakini ukafika mwaka ambao mzaha huo uligeuka kuwa jambo la kweli.

Mwaka huo mama alikuwa kitandani, pumzi yake inakwenda na kukatika. Nevio alifika Ijumaa, akakaa naye usiku wote, na usiku wa pili pia. Alimgeuza, akamwosha, akamlisha supu kwa kijiko cha chai. Iride hakujua kama mikono ile ya saruji inaweza kuwa laini kiasi hicho. Jumapili asubuhi, kabla kengele hazijalia, walikuwa jikoni wakinywa kahawa wamesimama.

"Mmoja wetu lazima abaki naye," alisema Iride.

"Nenda wewe."

"Ili baadaye useme nimekuibia? Nenda wewe."

Nevio akatabasamu kwa uchovu. "Sikiliza. Kura zako na zangu zimekuwa zikiuana miaka yote. Tusiende. Wote wawili. Tubaki na mama."

"Wenzako watasemaje? Wamekukatia tiketi."

"Watanitukana. Wacha wanitukane." Akamnyooshea mkono juu ya meza, kama watu wanaouziana ng'ombe. "Mapatano?"

Iride akaushika. "Mapatano."

Mchana, Nevio alisinzia kwenye kiti kando ya kitanda, kidevu kifuani. Ndipo gari la Elvezia likasimama barabarani na kupiga honi. Elvezia alikuwa rafiki wa Iride tangu utoto, na siku za uchaguzi chama kilimpa kazi ya kuwachukua wazee na wanawake waliochelewa. Aliingia jikoni bila kubisha hodi.

"Shoga, jina lako bado halijapigwa alama. Wewe! Padre mwenyewe ameuliza."

"Siwezi. Mama ana hali mbaya."

"Kaka yako si yupo? Dakika kumi tu, nakurudisha mwenyewe. Wekundu wamejaza mabasi, Iride. Wakishinda kwa kura moja utalala vipi?"

Iride alichungulia chumbani. Nevio alikuwa amelala, mkono wake umeshika ukingo wa shuka la mama. Angeweza kumwamsha na kumwambia. Aliwaza kwamba kumwamsha mtu aliyekesha ni ukatili, na wazo hilo lilimfaa, akalikubali upesi. Akavaa koti juu ya aproni.

Aliporudi, Nevio alikuwa macho, anabadilisha maji kwenye beseni.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuchukua maziwa kwa jirani."

Hakuwa na maziwa mkononi. Nevio aliangalia mikono ya dada yake, kisha akageuka kumpangusa mama uso. Labda alikuwa hajafikiri lolote. Lakini jioni, kabla ya vibanda kufungwa, alikuja Primo, msimamizi wa wekundu kwenye chumba cha kura, mtu aliyecheza na Nevio utotoni. Alisimama mlangoni anahema kwa hasira.

"Tumekutoa Ufaransa kote huko uje ulale? Dada yako kapiga kura mchana kweupe, nimemwona kwa macho yangu, na wewe umekaa hapa kama kuku anayeatamia!"

Nevio aligeuza kichwa. Alimtazama Iride, ambaye alikuwa ameshika sufuria.

"Maziwa," alisema Nevio.

Primo akamvuta mkono. Bado kulikuwa na muda, twende. Nevio akautoa mkono wake taratibu. "Nimeahidi," alisema, akarudi chumbani kwa mama.

Mama alifariki siku ya pili yake, Mungu amweke mahali pema, baada ya kupewa mpako mtakatifu, mtoto mmoja huku na mwingine kule. Chama cha kanisa kilishinda kama kilivyokuwa kikishinda, kwa kura nyingi kuliko moja. Nevio alibeba jeneza, akawashukuru waliokuja, akakusanya vitu vyake. Hakumgombeza Iride. Angemgombeza ingekuwa nafuu, kwa sababu ugomvi walikuwa wanaujua na walijua namna ya kutoka ndani yake. Alimwita kwa jina lake tu, Iride, kama anavyoitwa na mtu wa posta.

"Haya, Iride. Ubaki salama."

Miaka ikapita. Kadi ya Krismasi ilikuja kila mwaka, ina salamu na sahihi. Iride alijibu kwa kadi yenye picha ya Bikira Maria na ndani akaandika kwamba sungura hawajambo. Kila alipoketi kuandika zaidi ya hapo, aliona ni afadhali angoje uchaguzi. Nevio angekuja, angemwekea sahani mbele, na neno lingetoka lenyewe.

Uchaguzi ukakaribia. Jioni moja ya wiki ya kampeni, mtoto wa jirani alimjia mbio: kuna simu yake baa. Wakati ule nyumba nyingi hazikuwa na simu, na ya kijiji ilikuwa mwisho wa kaunta katika baa ya Gualtiero. Iride alivuka barabara na ndala zake. Baa ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Upande huu wekundu wanacheza karata, upande ule watu wa kanisa, katikati moshi. Elvezia alikuwa amesimama kaunta na wanawake wa chama.

"Ufaransa!" Gualtiero alipaza sauti, mkono umefunika simu. "Nyamazeni, jamani, ni Nevio!"

Wakanyamaza kweli, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu.

"Mtawa," ilisema sauti. Kisha kikohozi, kirefu, kikavu.

Iride akaisogeza simu karibu zaidi na sikio. Miaka yote hiyo hakuitwa hivyo. "Unaumwa?"

"Vumbi. Sikiliza, wamenipa tiketi. Nije, nisije?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe." Akakohoa tena. "Nimewaza. Tufanye mapatano kama yale. Safari hii tukae nyumbani kweli, wote wawili. Utengeneze sungura. Unasemaje?"

Alikuwa amemfungulia mlango. Iride alijua hivyo wakati uleule, hakuhitaji miaka kuelewa. Jibu lilikuwa neno moja na lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alipoinua macho akamwona Elvezia anamtazama kwa tabasamu la kungoja, na nyuma yake baa nzima imeinamisha vichwa, wekundu na watu wa kanisa, wote wanataka kusikia binti Stacchini atamjibu nini kaka yake mkomunisti. Akaona aibu kuonekana analainika. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

"Mimi na mpagani hatupatani! Njoo upige kura yako, niiue kama kawaida!"

Baa ikalipuka kwa kicheko. Mtu akapiga meza, mwingine akasema, "Mwambie, Iride, mwambie!" Zamani, njiani wakitoka kupiga kura, Nevio angecheka kuliko wote. Sasa Iride alisubiri sauti yake, na alichosikia ni kicheko cha baa kinachorudi kutoka kwenye simu, kwa mbali, kama kinatokea Ufaransa.

"Haya," alisema Nevio. "Basi."

Hakuja. Mabasi yalifika, akina nani na nani wakashuka wanaimba, Iride akiwa amesimama pembeni kana kwamba anasubiri mkate. Siku ya kura aliingia kibandani, na kwa mara ya pili kura yake ilihesabiwa nzima, bila ya mtu wa kuiua. Elvezia alimkumbatia. Iride alirudi nyumbani, akawapa paka sungura aliyempika.

Nevio alikufa majira ya baridi yaliyofuata, kwa mapafu. Alikuwa mgonjwa tayari siku ile alipopiga simu. Wenzake wa kiwandani walisema hivyo walipomleta. Wao ndio waliochanga tena, safari hii kwa ajili ya jeneza. Padre alimzika bila maswali, kando ya mama, na Primo alilia kuliko wote.

Iride alikwenda kuungama. Padre alikuwa mzee mwema, anasikia kwa sikio moja.

"Kupiga kura si dhambi, binti yangu. Ni wajibu."

"Si kura, Padre. Ni ahadi. Na uongo wa maziwa. Na neno la kwenye simu."

"Uongo ni dhambi ndogo. Neno lilikuwa utani." Akampa Salamu Maria chache.

Alizisali. Akarudi mwezi uliofuata na dhambi zilezile, akapewa Salamu Maria zilezile. Aliamini kwamba Mungu amemsamehe, kwa sababu Kanisa linafundisha hivyo na hakuwa mtu wa kubishana na Kanisa. Lakini aliona kwamba neno alilitoa mbele ya watu, na toba aliifanya gizani, kwenye dirisha dogo la kitubio. Haikulingana. Akaamua atatubu palepale alipokosea.

Alichagua Jumamosi baada ya misa ya jioni, baa ikiwa imejaa. Tangu siku ya simu alikuwa hajaingia. Alikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa kaunta, akasimama karibu na simu, mkoba ameushika kwa mikono miwili.

"Nataka kusema jambo," alisema, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema baa, wakanyamaza. "Siku ile kaka yangu alipopiga simu, alitaka tupatane. Mimi nikamjibu vibaya kwa sababu ninyi mlikuwa mnasikiliza. Nilitaka mcheke. Mkacheka. Akafa hajaja. Kosa si lenu. Nimekuja kusema ni langu."

Alisubiri. Alikuwa amejiandaa kwa lawama, hata kwa huruma, ambayo aliiogopa zaidi.

Gualtiero alifuta glasi ambayo ilikuwa kavu. "Simu ipi, Iride?"

"Ile ya kabla ya uchaguzi. Ya kutoka Ufaransa."

Watu wakatazamana. Elvezia alikunja uso akijaribu kukumbuka, na alijaribu kwa dhati. "Mimi nilikuwepo? Mbona sikumbuki, shoga."

"Ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Labda. Siku zile tulikuwa tunacheka kila kitu."

Primo aliweka karata zake mezani, kifudifudi. Alionekana kuona uchungu. "Mimi nakumbuka hakuja, tukakasirika. Simu siikumbuki, Iride. Nisamehe."

Basi hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekumbuka. Neno lile alilolisema kwa ajili yao, ili wasimwone amelainika, hawakukaa nalo hata wiki. Iride alifungua mkoba, akaufunga. Gualtiero akamsogezea kahawa, akasema hii nakupa mimi, unywe, umepauka. Akainywa amesimama, yote, ingawa ilimuunguza. Nyuma yake, kwa heshima, walingoja mpaka aweke kikombe. Kisha mmoja wao akauliza kwa sauti ya chini ni zamu ya nani kucheza.