Ufizi wa Castory

Mkwe wangu Yasinta, mzaliwa wa Mlali, ni mtu wa kubangua karanga na kunyamaza. Akisema neno hapa Haneti, kuku huacha kudonoa wakamsikiliza. Kwa hiyo asubuhi ile aliposema, "Hang'olewi," hata mimi niliuweka chini ugoro wangu.

Mwanawe Castory, ambaye hajaota hata jino, alikuwa anachemka homa na kuharisha. Ufizi wa juu ulikuwa umevimba, una weupe pande mbili. Baba yake, mwanangu Gerson, alimfungua mdomo akashtuka.

"Meno ya plastiki haya. Yanaua! Nimeshamwita Bi Anyesi."

Bi Anyesi ndiye mng'oaji wa meno hayo kijijini, huyachokoa ufizini mwa watoto wachanga kabla hayajaota, kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Alimng'oa Erica, dada yake Castory. Damu ilikataa kukatika, tukaanza kulia msiba. Erica alipona, ila penye chonge pamebaki pengo mpaka leo.

"Nampeleka kwa daktari wa meno," Yasinta akasema.

"Daktari wa meno kwa mtoto asiye na meno? Na akifia njiani?" Gerson akang'aka.

Hodi ikapigwa. Bi Anyesi huyo, spoku yake kaifunga kitambaa.

Nikamkonyeza Yasinta, nikamdaka mgeni mkono. "Karibu, mwenzangu! Kaa kwanza nikusimulie kisa cha babu yangu, aliyezaliwa na magego yote. Alimng'ata mkunga, halafu akauliza nyama iko wapi."

"Mama, mtoto anakufa!" Gerson akafoka.

"Hata mkunga alikaribia kufa. Ngoja nimalize."

Nikazidi kudanganya, jasho likinitiririka mgongoni, hadi pikipiki ikanguruma nyuma ya zizi. Gerson akaruka nje. Akakuta vumbi; Yasinta kaondoka na mtoto.

"Akifa, mama, ni wewe."

Nikauokota ugoro wangu, nikaushika tu.

Bi Anyesi aligoma kuondoka. Tukakaa watatu, ugali ukapoa hakuna aliyeugusa, jua likavuka paa.

Yasinta alirudi na mtoto kamlalia kifuani. Gerson akamnyakua, akamtegea sikio puani. Anapumua.

"Ni tumbo," Yasinta akasema. "Amepewa maji ya chumvichumvi na zinki. Ule weupe ni chonge zake, zimelala humo zikingoja siku yake. Daktari kasema jino la kwanza likichomoza tu, tumrudishe aliangalie. Tusisubiri lioze."

Homa ilikuwa bado ipo, lakini alipowekwa kwenye ziwa, alinyonya. Gerson akakaa chini kando yao, akamshika mtoto wayo.

Bi Anyesi akakohoa. "Kuna mjukuu wangu, Loisi. Nilimng'oa kwa mkono huu, ufizi haujafunga. Huyo daktari anawapokea na waliokwisha kung'olewa?"

Yasinta akamhamishia Castory ziwa la pili.

"Mlete kesho, mama. Nitakwenda naye."