Mwasumini wa Dada Zuhura

Enzi zetu, ukipita Bagamoyo baada ya alasiri, ungetukuta sisi watoto wa kike tumeinamia miasumini na vikapu vyetu, huku wenzetu wa kiume wakicheza gololi na kutuzomea. Matumba huchumwa yamefumba na hutungwa koja yakiwa yamefumba, ili yachanue kichwani kwa bibi harusi, si kikapuni. Bibi yetu, mama yake baba, hakuwa na mchezo kwa hilo. Ukichuma ua lililokwisha kuchanua alikufinya sikio. "Hilo umemchumia nani, nzi?" Tukimaliza tulipewa mihogo ya nazi pale pale uani. Mikono ilinukia mpaka kesho yake shuleni, mwalimu akatuuliza kama tumeolewa.

Siku hizi binti akitaka maua hutuma picha kwa simu. Sawa, lakini muulize asumini huchanua wakati gani, atakwambia ngoja kwanza anunue bando.

Kwetu kila binti aliyechumbiwa alikuwa na mwasumini wake. Bibi alilaza tawi la mti mama uliokuwa uani, akalifukia kwa udongo na samadi ya mbuzi, akalikandamiza kwa jiwe mpaka liote mizizi. Siku binti anapotoka kwenda kwa mume ndipo tawi lilipokatwa, naye akaondoka na mche wake. Shangazi alikwenda na wake Saadani, chumvi ikauua. Dada yangu Zuhura alikwenda na wake Kerege, ukashika vizuri mbele ya dirisha la mumewe. Mimi nilikuwa nimekwisha kujichagulia tawi tangu meno ya utoto hayajanitoka.

Kisha mchwa wakaula ule mti mama. Tulipogundua, shina lilikuwa ganda tupu. Bibi hakutishika. "Mtoto wake yupo Kerege," aliniambia. "Masika tutakwenda kulaza tawi, na hilo litakuwa lako."

Kabla ya masika Zuhura alifariki kwenye uzazi, na mtoto hakupona.

Arobaini ilipopita tukasikia mumewe anaoa. Hapakuwa na ubaya, mwanamume akifiwa huoa. Ila mama yake, kwa nia njema kabisa, alituma salamu kwamba tusihangaike na maua ya harusi. Mwasumini wa marehemu umebeba sana mwaka huu, bibi harusi mpya atavalishwa hayo hayo. Bibi akasema, "Inshallah kheri." Kesho yake akachukua jembe, gunia na ndoo, akanichukua na mimi.

Mama alitufuata mpaka barabarani. "Mama, kaskazi yote hii! Si wewe unayetukataza kuhamisha mti wenye matumba? Subiri masika."

"Masika yatakuta umeshavaliwa," Bibi akajibu.

Kerege mama mkwe wa Zuhura alitupokea kwa heshima. "Shikamoo, mama. Karibuni ndani."

"Marahaba. Sikai, mwanangu. Nimemfuata Zuhura."

Yule mama akaliona jembe, akaziba mdomo kwa kanga, akatupisha. Bibi akachimba juani huku machozi yakimtiririka. Nilisikia mizizi ikikatika. Mti ulikuwa mweupe kwa matumba, na yeye aliyetufinya masikio kwa ua moja aliung'oa wote, akauviringisha kwenye gunia bichi, tukarudi nao.

Tuliupanda, tukaukinga kwa makuti, tukaunywesha maji tuliyooshea mchele. Majani yakakunjamana. Matumba yakadondoka yamefumba. Mvua zilipoanza, Bibi alikuwa bado anamwagilia vijiti.

Dada yangu nilimlilia kwa huzuni. Mti ule niliulilia kwa hasira, kwani ulikuwa wangu pia na hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia Bibi wazi kwamba ameuua. Hakunikemea.

"Najua, mjukuu wangu," alisema. "Nilijua tangu jembe halijagusa ardhi."

Akaenda kutia udhu.

Juzi nimemwoza binti yangu. Maua yalikuja kutoka Dar kwenye boksi la barafu, mawaridi makubwa yasiyo na harufu, mengine ya plastiki kabisa. Nilimbusu kichwani, pakanuka dawa ya nywele. Sikuwa na mche wa kumpa, na hilo limeniuma kuliko nilivyotarajia. Mashoga zangu wanasema nishukuru, maua haya hayana usumbufu. Ni kweli. Asubuhi yake niliyakuta jalalani pamoja na sahani za karatasi, na hakuna aliyeuliza yalikuwa ya nani. Enzi zetu maua ya binti yalikuwa na mwenyewe hata akiwa kaburini. Haya ya leo angeweza kuvalishwa mke yeyote, na hakuna bibi ambaye angeshika jembe.