Bibi Go na Dawa ya Kabla ya Kuzamia

"Wee Mama Hyeon, huyo mkweo bahari imempa talaka nini?" jirani yetu Bu Ok-sun aliniuliza siku moja akianika mwani.

Nilicheka, lakini moyo uliniuma. Mama mkwe wangu, Go Mae-wol, amezamia konokono wa baharini tangu usichana. Hapa kisiwani Jeju wazamiaji wengi humeza dawa ya kichwa kabla ya kuingia majini, maana kubana pumzi kule chini hupasua kichwa. Mwaka jana damu iliganda kwenye mshipa wa moyo wake, daktari akampa aspirini ndogo ya kila siku. Mama akawa anaimeza, na asubuhi za kuzamia anaongeza ile ya kichwa. Hakujua kwamba nayo ni aspirini. Alipoanza kupata choo cheusi kama lami, tukamkimbiza hospitali. Tumbo lilikuwa linavuja damu.

"Ya moyo usiiache mpaka niseme mimi," daktari alimwambia alipopata nafuu. "Ya kichwa, marufuku. Na dawa yoyote nyingine, niulize kwanza."

"Basi bila ya kichwa, kuzamia ndiyo kwaheri," Mama alijibu.

Tangu hapo, akisikia wenzake wakiibuka na ule mluzi wao wa kushusha pumzi, huacha hata kula. Jana, Mungu amtunze, alinishika mkono.

"Mwanangu, tukienda kliniki niulizie kwa daktari kama naweza kuingia maji ya magotini tu. Kidonge changu cha moyo nitakimeza."