Mawaziri Wawili na Wifi Yangu

Wiki ile, nyumbani kwetu Ngana, nilikuwa nikitafsiri taarifa ya mawaziri wa ulinzi wa Indonesia na Vietnam. Walikubaliana kubadilishana maofisa, kufanya mazoezi ya pamoja baharini na kuweka simu ya moja kwa moja kati ya makamanda. Jirani mkubwa waliyemhofu hakutajwa hata mara moja. Sentensi zilimzunguka kama mtu anavyomzunguka nyoka aliyelala, nami niliuhusudu ustadi huo.

"Wanapigana na nani?" baba aliuliza kutoka barazani.

"Hawapigani na mtu, baba."

"Basi mkataba wa nini? Nyie wasomi!"

Kwetu mke hasemi na baba mkwe wake wala kukutana naye uso kwa uso. Akimwona njiani, huingia migombani. Maneno yao hupitia kwa mwingine. Kaka alikuwa machimboni Chunya, hapatikani kwa simu, hivyo mkewe alinijia mimi uani.

"Wifi, mwambie baba mama yangu kule Karonga hajala tangu juzi. Anataka kumwona mtoto. Naomba nivuke mto leo."

Nikaenda barazani, mawaziri wangali kichwani. "Baba, mkwe wako anaomba, hali ikiruhusu, ufikirie uwezekano wa yeye kwenda na mtoto kusalimia kwao."

"Hali hairuhusu. Mpunga bado uko shambani. Ataenda tukishavuna."

Nilimpelekea wifi jibu hilo. Akanitazama.

"Ulimwambiaje?"

Nikamrudia maneno yangu.

"Nilikutuma hivyo mimi?"

"Nililainisha kidogo."

"Nani alikuomba? Mama anakufa, wewe unapamba!"

Mawaziri walikuwa na sababu ya kuficha: hawakutaka jirani asikie. Wifi alitaka kusikiwa na mtu aliyeketi hatua kumi tu kutoka kwake. Nikarudi.

"Baba, mama yake anakufa. Anataka kumwona mjukuu leo."

Baba aliinuka. "Mbona hukusema?" Akampigia mwenye bodaboda, kisha akachukua fimbo yake na kuingia kwenye mikakao, akatugeuzia mgongo ili njia ya mbele ibaki wazi.

"Mwambie amfunike mtoto kichwa," alisema bila kugeuka. "Darajani pana upepo."

Wifi alipita haraka, macho chini, mtoto mgongoni. "Ndaga fijo," alishukuru, kwa sauti ya kufika mikakaoni.

Jioni alipiga simu. Mama yake hakuweza kumpakata mtoto, kwa hiyo walimlaza kifuani pake.