Kitufe Chekundu Nyuma ya Mashine

Mwanangu, kaa kitako, weka kwanza hiyo bisibisi chini. Mashine yako inawaka na kuzimika, na umeshaniambia ni virusi. Hata mimi nilisema hivyo siku moja, hapa hapa Uvira, wakati wa vita, nilipokuwa na umri wako.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Mama Furaha, mwenye ofisi ya kuchapa karibu na soko. Akaja Mapendo, mwanafunzi kutoka Luberizi. Kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa ndani ya ordinateri yetu, yaani kompyuta, na hakuwa na nakala popote. Barabara ya kwao ilikuwa imefunguka asubuhi hiyo tu, na walimu wake hapa mjini walikuwa wanafunga mizigo kuvuka mpaka kwenda Bujumbura. Wakiondoka kabla ya kupokea karatasi zake, mwaka wake umekwenda na maji.

Nikabonyeza kuiwasha. Feni ikageuka kidogo, ikanyamaza.

"Ni virusi," nikasema. "Tuiformate."

"Kuformate si kufuta?" Mapendo akauliza.

Mzee Kashindi, fundi aliyenifundisha kazi, akacheka. "Weye kijana! Mutu iko na njaa, unamukata kichwa? Virusi haizuiyi feni kuzunguka. Tafuta njaa iko wapi."

Dalili ya mvua ni mawingu. Kwanza Mzee alichomeka taa kwenye plagi ileile. Ikawaka vizuri, basi umeme ulikuwepo. Akachomoa waya wa ukutani, akafungua mashine, akanusa lile sanduku la chuma linalogawa umeme ndani, tunaloliita alimantasio. Lilinuka kuungua. Akalitenganisha na sehemu nyingine zote, akaunganisha waya wake wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya ili liwake peke yake, kisha akalirudishia umeme. Feni ikatikisika, ikafa. Kipimo kwenye waya wa njano, panapotakiwa volti kumi na mbili, hakikufika hata sita.

"Mama, kazi yako iko salama mu diski," akamwambia Mapendo. "Sanduku ndiyo imekufa."

Tulitoa alimantasio nyingine kwenye mashine ya zamani, tukafunga skrubu, tukarudisha nyaya. Kufikia hapo jioni ilikuwa imeingia, na umeme wa mji ukalegea kama kawaida yake. Mashine ikakataa kuwaka. Sasa, mwanangu, nyuma ya sanduku palikuwa na kitufe chekundu: huku volti 230, huku 115. Mji mzima ulikuwa na desturi hii: umeme ukilegea, unakisogeza kwenye 115, mashine inawaka. Mama Furaha alifanya hivyo kila jioni. Nikanyoosha kidole.

Mzee akanishika mkono. "Ile ya kwanza, unafikiri nani aliiua? Umeme ikirudi na nguvu yake yote, itapasua na hii. Na nyingine hatuna."

Haraka ya mkono ingemponza Mapendo. Tukabeba mashine na printa hadi kwenye kinu cha jirani, kilichokuwa na jenereta yake. Lakini kila mara kinu kilipoanza kusaga, umeme ulishuka. Ilibidi kuwaomba wanawake waliopanga foleni na mihogo yao wasubiri.

"Sisi tulale njaa juu ya makaratasi?" mmoja akafoka.

"Muache mutoto achape!" mwingine akamjibu. "Mapendo, ukikuwa mukubwa, kinu ni weye utatununulia!"

Wakacheka, kinu kikazimwa. Karatasi zikatoka moja moja, na Mapendo akazikusanya zikiwa bado na joto, akakimbia. Aliwakuta walimu wakifunga mlango, wakazipokea.

Kwa hiyo usikimbilie kufuta, mwanangu. Hakikisha umeme upo, kisha lipime sanduku kabla ya kulilaumu jambo usiloliona. Likiwa limekufa, libadilishe zima. Usilifungue, maana hushika umeme hata baada ya kuchomolewa. Umeme ukilegea, subiri au tafuta jenereta, kitufe kibaki 230. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mungu akupe mikono mitulivu, na kila anayekuletea kazi yake arudi nyumbani nayo.

Haya, chomoa waya ukutani, ngoja kidogo, halafu geuza mashine usome kitufe kiko upande gani.