Ukuta wa Mama Mkwe

Kutoka mji wa Salama hadi ng'ambo ya Zombe lori lilichukua siku nzima, kwa sababu tulibeba vioo. Niliketi nyuma nikivishikilia kwenye kila tuta. Kitui mjini dereva aliniambia, "Ukivunja kimoja, kaka, shuka hapo hapo uendelee na miguu." Nilikuwa nimechoka kuziba panchari kando ya barabara kuu, na kazi yoyote ya kuniondoa pale ilinitosha.

Vioo vilikuwa vya mwandishi ambaye vitabu vyake tulivisoma shuleni. Alikuwa akijijengea nyumba kwao: ramani alichora mwenyewe, matofali alifyatua mwenyewe. Nikabaki kumsaidia. Ndani hakuweka kuta. Jiko, meza ya kuandikia na kitanda vilikaa katika chumba kimoja kirefu, na hata ukiwa nje uliviona vyote kupitia vioo vya mbele. Wageni kutoka Nairobi waliipiga picha.

Kisha mkewe akavunjika mguu, akamwita mama yake aje kumuuguza. Ukambani mama mkwe haoni kitanda cha mkwewe. Mama yule alifika na kikapu cha pojo, akaketi uani, akavipa vioo mgongo. Bintiye, aliyekuwa amelazwa kwenye kochi karibu na jiko, ikabidi achechemee nje kumfuata.

"Karibu ndani, mama," mwandishi alisema kutoka mbali, akitazama chini.

Mama akanijibu mimi. "Mwambie mwenye nyumba, hata kuku wangu hutaga mahali pa kujificha."

Usiku alilala kwa jirani. Baada ya siku chache alitangaza kwamba anarudi kwake Kyuso, na binti akasema wataondoka wote wawili.

"Kwani pazia halitoshi?" mwandishi aliniuliza.

"Mimi sijaoa, mzee. Muulize mama watoto."

"Pazia hupeperuka," mkewe alijibu kutoka kwenye kochi.

Mwandishi alinikataza kushika mwiko. Aliujenga ukuta peke yake, ukakificha kitanda na kuziba mwanga uliokuwa ukifika mezani pake. Ulipinda kidogo.

Plasta ilipokauka, mwandishi alihamishia meza barazani. Mama alichungulia mlangoni, akavua viatu, akaingia. Niliwasikia yeye na bintiye wakicheka.

Kazi ilikuwa imekwisha. Nilimuaga mwandishi pale barazani, akaniuliza ninaelekea wapi. Nikamwambia popote lori la kwanza litakapokuwa likienda. Akatikisa kichwa, akaendelea kuandika.