Mstari Mwekundu wa Mama Emérence

Mama Emérence, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, wa avenyu yetu hapa Kisangani, hakusomea mambo ya tabianchi. Alichosoma ni kuta. Mto ulipofurika ukaingia majumbani, alinunua kopo la rangi nyekundu, akapita nyumba hadi nyumba akichora mstari pale maji yalipofika, ili kila anayehamia ajue kuinua kitanda chake juu ya hapo. Mvua za siku hizi hazina adabu, alisema, haziji tena kwa msimu wake. Tulimcheka, mimi wa kwanza. Mto ulipopanda mara ya pili, tulilala pakavu kwa sababu yake.

Aliyembebea kopo siku zile zote ni Évariste, mwenye nyumba ya mwisho, ile inayotazama maji. Mafuriko ya kwanza yalimchukua mama yake, Mama Adèle, akiwa mgonjwa kitandani. Évariste mwenyewe alimshika Emérence mkono, akilia, akimwita dada mkubwa: "Yaya, andika na jina yake, watu wasisahau." Emérence akaandika, kando ya mstari. Tangu hapo alimhesabu kuwa mdogo wake wa damu. Akipika pondu, mboga ya majani ya muhogo, sahani ya Évariste haikosi.

Jumatatu tulipita pale, mimi na Emérence. Ile chokaa ya vyoo tuliyopewa ya kuzuia kipindupindu, Évariste alikuwa ameipaka ukuta mzima, ndani na nje. Mstari hakuna, jina hakuna. Ndani, mpangaji mpya, Benie, alikuwa akitandika godoro la mtoto wake sakafuni.

"Évariste, mustari iko wapi?" Emérence akamuuliza, alipomkuta bado ana brashi mkononi.

"Yaya, maji haitarudia tena. Bon, nani atapanga nyumba yenye iko na kaburi ku ukuta?"

Emérence angesalitiwa na mwingine yeyote angetukana, namjua; huyu hakumtukana. Aliokota kipande cha mkaa penye jiko la Benie, akachora mstari upya, usawa wa kifua chake. Kisha akaandika: ADÈLE.

Benie akatazama mstari, akatazama godoro.

"Papa Évariste, Adèle ni nani?"

"Simujui," Évariste akasema, akichovya brashi kwenye chokaa.

Hakuanza kupaka mstari. Alianza na jina.